Kodi zinazohama kwenye banjo: tafuta do kwanza

Waimbaji wa Nairobi hawakuulizi kii, yaani do ya wimbo iwe noti gani. Mama anasimama katikati ya ibada, anafumba macho na kuanzisha pambio palepale koo lake lilipoamkia siku hiyo, nawe mwenye ala una mistari miwili ya kumpata kabla waumini wote hawajaingia. Kwenye harusi ni vivyo hivyo, ila huko mwimbaji akikaribia ubeti wa mwisho anakugeukia na kuinua kidole: pandisha. Mwenye kinanda anabonyeza kitufe, amemaliza. Mpiga banjo aliyezoea G, C na D za mwanzo wa shingo peke yake inambidi aache kupiga, afunge kapo (kibanio cha shingoni kinachopandisha sauti ya nyuzi), atyuni uzi wa tano upya, na wimbo haumsubiri.

Kodi ni noti kadhaa zikilia pamoja. Dawa yake ni kodi zinazohama, yaani maumbo ya vidole ambayo hayaachi uzi mtupu (usiobonyezwa) kati ya zile nyuzi nne ndefu. Umbo unalisukuma juu au chini ya shingo, kodi inabadilika jina, na vidole vinabaki vilivyopangwa. Kwenye banjo ya nyuzi tano maumbo makubwa ni matatu tu. Kwa matatu hayo unaweza kupiga kodi yoyote ya meja iliyopo, mahali patatu tofauti kwenye shingo, na kumfuata mwimbaji kokote aendako.

Mimi napiga banjo katika kwaya ya mtaa hapa Buruburu, na wikendi tunakutana na wenzangu kupiga kantri, muziki ambao Wakenya wengi tumelelewa nao redioni tangu enzi za Jim Reeves. Vijana wanaokuja kwangu kujifunza hufika na simu iliyojaa michoro ya kodi: mistari na vitone vyeusi. Kwa anayeanza siipendi michoro hiyo. Inakuonyesha kidole kikae wapi, haikuambii kinashika sauti gani, na ukishasogea freti mbili juu (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) hujui tena uko kodi ipi. Kwa hiyo nawaambia waweke simu kando, na kabla ya vidole tunajifunza jambo moja: katika kila umbo, do iko kwenye uzi gani.

Nasema do kwa makusudi. Aliyepitia kwaya ya shule au ya kanisa katika nchi hii anaijua solfa vizuri kuliko anavyojua majina ya noti. Kodi ya meja ni do, mi na so zikilia pamoja, basi. Ukijua do imekaa wapi ndani ya umbo, umejua jina la kodi, na umejua pia pa kulipeleka umbo hilo mwimbaji akihama.

Nyuzi, nambari na daraja

Natumia tyuni ya G ya kawaida. Ukiwa umeishika banjo, uzi ulio karibu na goti ni wa kwanza, D. Wa pili ni B, wa tatu ni G, wa nne ni D nzito. Ule mfupi ulio upande wa uso wako, wenye kigingi chake ubavuni mwa shingo kwenye freti ya 5, ni wa tano, G nyembamba. Mkono wa kushoto utashughulika na nyuzi nne ndefu. Wa tano nitaurudia mwishoni. Kama banjo yako ina nyuzi nne zilizotyuniwa C, G, D, A, hiyo ni tena na maumbo yake ni mengine kabisa, usijitese na haya.

Kodi nitaziandika kwa nambari za freti, kuanzia uzi wa nne kwenda wa kwanza. Nikiandika 5-4-3-5, bonyeza freti ya 5 kwenye uzi wa nne, ya 4 kwenye wa tatu, ya 3 kwenye wa pili na ya 5 kwenye wa kwanza. Sifuri ni uzi mtupu.

Unayetoka kwenye gitaa umebeba nusu ya kazi tayari. Uzi wa nne, wa tatu na wa pili wa banjo ni D, G na B, sawasawa na gitaa. Tofauti iko kwenye uzi wa kwanza: wa gitaa ni E, wetu ni D. Kwa hiyo chochote ulichozoea kubonyeza kwenye uzi wa kwanza wa gitaa, hapa kiongezee freti mbili. F ndogo ya gitaa, 3-2-1-1, inakuwa 3-2-1-3. D ya gitaa, 0-2-3-2, inakuwa 0-2-3-4. Chunga pia alama za shingoni: banjo nyingi zina kitone kwenye freti ya 10, pale ambapo gitaa huwa nacho kwenye ya 9. Macho ya mpiga gitaa hupotea hapo mara nyingi.

Sasa daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya ngozi ya banjo. Watu hulipuuza, na bila daraja kukaa sawa kodi zinazohama hazitakaa ziimbe. Daraja la banjo halikugundishwa kwa gundi wala skrubu. Linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu juu ya ngozi. Safari moja ya matatu kutoka mjini, banjo ikiwa imebanwa kati ya magoti na begi la jirani, inatosha kulisogeza. Kodi za mwanzo wa shingo zitaendelea kusikika vizuri, halafu ukipanda freti ya 9 au ya 12 kila kitu kinaonekana kimetyuniwa vibaya, nawe unalaumu vidole vyako.

Kipimo chake ni rahisi. Gusa uzi wa kwanza juu kabisa ya chuma cha freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, uondoe kidole mara moja. Utapata sauti nyembamba inayoelea. Sasa bonyeza freti hiyo hiyo ya 12 kawaida, upige. Sauti hizo mbili lazima zilingane. Ile ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, sogeza daraja kidogo kuelekea mkiani. Ikiwa chini, lisogeze kuelekea shingoni. Legeza nyuzi kidogo kwanza, lisogeze kwa vidole viwili huku limesimama wima, tyuni tena, pima tena. Rudia kwa uzi wa nne. Daraja likikaa sawa, chora alama mbili ndogo za penseli kwenye ngozi, kila mguu wa pembeni alama yake. Siku likihama utajua pa kulirudisha.

Jambo lingine la vidole: nyuzi za banjo ni nyembamba, na ukizikaba zinapanda sauti. Uzi wa tatu ndio mkorofi zaidi. Bonyeza karibu na chuma cha freti, kwa nguvu ya kutosha uzi kulia safi, na usiongeze. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo, mkabala na kidole cha kati, bila kuikumbatia shingo.

Na kwa sisi wa fleti zenye kuta nyembamba: ingiza soksi au kitambaa nyuma ya ngozi, chini ya daraja, katikati ya ngozi na kile chuma kinachopita ndani. Banjo inanyamaza karibu nusu, na unaweza kurudia kodi moja mpaka saa nne usiku bila jirani kugonga ukuta.

Maumbo yenyewe

La kwanza naliita umbo la F, kwa sababu karibu na mwanzo wa shingo hutoa F: 3-2-1-3. Kidole cha pete kwenye uzi wa nne, cha kati kwenye wa tatu, cha shahada kwenye wa pili, kidole kidogo kwenye wa kwanza. Do iko mara mbili, uzi wa nne na uzi wa kwanza. Mi iko uzi wa tatu, so uzi wa pili. Usianze kulijifunza pale pa F hata kidogo, kwa sababu freti za mwanzo ni pana na kidole kidogo hakitafika bila kuuma. Anza 10-9-8-10, ambayo ni C. Freti huko juu zimekaribiana na mkono unakaa bila kujikunja. Kodi ikisafika hapo, shuka freti moja moja, kwa siku kadhaa, mpaka F.

La pili ni umbo la D: 4-2-3-4. Kidole cha pete uzi wa nne, cha shahada uzi wa tatu, cha kati uzi wa pili, kidogo uzi wa kwanza. Do hapa iko uzi wa pili, chini ya kidole cha kati. Mi iko mara mbili, uzi wa nne na wa kwanza. So iko uzi wa tatu. Tazama kwamba kidole cha pete na kidole kidogo vimebaki kwenye nyuzi zilezile za umbo la F. Vinavyobadilishana kazi ni vya katikati. Tutarudi hapo.

La tatu ni mlalo: kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi nne zote kwenye freti moja. Mlalo kwenye freti ya 5 ni C, kwenye ya 7 ni D, kwenye ya 12 ni G. Do iko uzi wa tatu, mi uzi wa pili, so uzi wa nne na wa kwanza. Watu hudhani mlalo ndio rahisi kwa sababu ni kidole kimoja, halafu uzi wa pili hauzungumzi. Kigeuze kidogo kidole hicho cha shahada ubavuni, upande wa gumba, pale penye mfupa. Nyama laini ya chini ya kidole inameza sauti.

Maumbo haya matatu ni kwaya ileile yenye sauti zilezile, do, mi na so. Kinachobadilika ni nani ameshika besi. Umbo la F lina do chini, umbo la D lina mi chini, mlalo una so chini. Ndiyo maana umbo la F linasikika limetulia kuliko mengine, na ndiyo maana nalipenda kumalizia wimbo.

Sasa jifunze nyuzi tatu kwa majina. Usiharakishe hapa. Kwenye uzi wa nne, unaotawala umbo la F, E iko freti ya 2, F ya 3, G ya 5, A ya 7, B ya 9, C ya 10, D ya 12. Kwenye uzi wa tatu, unaotawala mlalo: A ya 2, B ya 4, C ya 5, D ya 7, E ya 9, F ya 10, G ya 12. Kwenye uzi wa pili, unaotawala umbo la D: C ya 1, D ya 3, E ya 5, F ya 6, G ya 8, A ya 10, B ya 12. Kati ya E na F, na kati ya B na C, ni freti moja. Kwingine kote ni mbili, na zile za katikati ndizo shapu na flati. Namna nzuri ya kuzikariri ni kuitaja noti kwa sauti kila unapoishika. Mtu akikwambia nipe E kwa umbo la D, kidole cha kati kinakwenda uzi wa pili freti ya 5, vingine vinafuata: 6-4-5-6. Ukiweza kufanya hivyo bila kuhesabu kuanzia chini, umevuka sehemu ngumu.

Ngazi ya nne, tatu, tano

Chukua G. Umbo la F: 5-4-3-5. Kisha umbo la D: 9-7-8-9. Kisha mlalo kwenye freti ya 12. Kisha umbo la F tena, oktavi moja (kutoka do hadi do inayofuata) juu ya ulipoanzia: 17-16-15-17. Yote ni G. Tazama uzi wa nne peke yake: freti ya 5, ya 9, ya 12, ya 17. Kutoka umbo la F hadi la D umepanda freti nne, kutoka la D hadi mlalo tatu, kutoka mlalo hadi umbo la F tano. Nne, tatu, tano. Jumla 12, oktavi nzima.

Mpango huo haubadiliki kwa kodi yoyote, na mfuatano wa maumbo haubadiliki: F, D, mlalo, F, D, mlalo. Unachobadilisha ni pa kuanzia. C inaanza na umbo la D mwanzoni kabisa, 2-0-1-2, inapanda tatu hadi mlalo kwenye freti ya 5, inapanda tano hadi 10-9-8-10, inapanda nne hadi 14-12-13-14. Ile C ya wazi uliyofundishwa siku ya kwanza, kumbe ni umbo la D lililofika ukingoni na uzi wa tatu ukaachwa mtupu.

Piga ngazi hii kila siku, kodi moja kwa siku, juu na chini. Weka programu ya metronomu ya simu kwenye mapigo 60 kwa dakika na ubadili umbo kila mapigo manne. Ukiharakisha kuliko hapo mkono utajifunza kurukaruka, na kuruka ndiko kunakoleta kelele za nyuzi. Kidole cha pete na kidole kidogo vitelezeshe juu ya nyuzi bila kuviinua.

Do, fa, so bila kukimbia shingo nzima

Nyimbo nyingi za pambio, benga, mugithi na kantri huenda kwa kodi tatu: ya do, ya fa na ya so. Kwenye kii ya G ni G, C na D. Mwanafunzi aliyejua mlalo pekee hupiga G ya freti ya 12, anakimbia hadi 5, anakimbia hadi 7, na muziki unasikika umekatikakatika. Uzuri wa kuwa na maumbo matatu ni kwamba popote ulipo, fa na so ziko jirani.

Ukiwa nyumbani kwa umbo la F, fa ni mlalo kwenye freti ileile ya do. G ni 5-4-3-5. C ni mlalo wa 5. D ni mlalo wa 7. Mkono hauondoki mahali pake.

Ukiwa nyumbani kwa umbo la D, fa ni umbo la F, na uzi wa nne unapanda freti moja tu. G ni 9-7-8-9; C ni 10-9-8-10; D ni 12-11-10-12.

Ukiwa nyumbani kwa mlalo, fa ni umbo la D, kidole cha shahada kikibaki freti ileile kwenye uzi wa tatu. G ni mlalo wa 12. C ni 14-12-13-14. D ni 16-14-15-16.

Angalia mara zote tatu: so ni umbo la fa lililosogezwa freti mbili juu, kwa sababu kutoka fa hadi so ni sauti moja kamili. Kwa hiyo ukishaipata do na fa yake, so haihitaji kufikiriwa.

Ninayoipenda zaidi ni ya katikati, ile ya umbo la D nyumbani, na ndiyo ninayomfanyisha kila mwanafunzi kwa muda mrefu. Shika 9-7-8-9. Sasa nenda 10-9-8-10 polepole kabisa. Kidole cha pete na kidogo vinateleza freti moja kwenye nyuzi zao. Cha shahada kinatoka uzi wa tatu freti ya 7 kwenda uzi wa pili freti ya 8. Cha kati kinatoka uzi wa pili freti ya 8 kwenda uzi wa tatu freti ya 9. Viwili hivyo vinapishana, na mwanzoni vitagongana. Fanya mpishano huo peke yake, mkono wa kulia ukiwa umetulia mapajani, mpaka vidole viwili vitue kwa pamoja. Ukiupata, umepata kiungo ambacho wapiga banjo wa blugrasi, muziki wa nyuzi wa Marekani, wanakitumia usiku kucha wakimsindikiza mwimbaji.

Mkono wa kulia: piga, achia

Earl Scruggs alipojiunga na bendi ya blugrasi ya Bill Monroe mwaka 1945, mtindo wake wa vidole vitatu ndio uliowashangaza watu, nao ndio kila mtu anataka kujifunza kwanza. Kumsindikiza mwimbaji ni kazi nyingine. Akiwa anaimba, banjo inayomimina noti mfululizo inamfunika. Hapo ndipo kodi zinazohama hufanya kazi yao bora.

Gumba linapiga uzi wa nne, kisha gumba, shahada na kati vinapiga kwa pamoja uzi wa tatu, wa pili na wa kwanza. Mmoja, kodi, mmoja, kodi. Mara tu kodi inapolia, legeza mkono wa kushoto bila kuinua vidole kwenye nyuzi. Sauti inakatika papo hapo na kuacha mdundo mkavu, karibu na wa ngoma ndogo. Hilo haliwezekani kwa kodi zenye uzi mtupu, kwani uzi usioshikwa hauwezi kunyamazishwa na mkono wa kushoto. Kikundi kisicho na mpiga ngoma kitakushukuru kwa mdundo huu.

Aliyelelewa na gitaa la omutibo la Magharibi, ule upigaji wa gumba na shahada wa enzi za George Mukabi, atauona mkono huu wa kulia si mgeni. Gumba lake tayari linajua kushika besi peke yake.

Kumpata mwimbaji aliyekwisha anza

Msikilize mstari mzima kwanza. Usipige. Pambio nyingi hutua kwenye do mwisho wa mstari au mwisho wa kiitikio. Ivumishe hiyo do kooni mwako ili isikupotee. Sasa itafute kwenye uzi wa nne, taratibu, kwa kidole kimoja, banjo ikiwa karibu na sikio. Ikilingana na koo lako, weka umbo la F hapo na umeingia.

Tuseme umeipata kwenye freti ya 8. Hiyo ni B-flati, kii inayoogopwa na wengi wenye ala za nyuzi, lakini kwako ni freti ya 8 tu: do ni 8-7-6-8, fa ni mlalo wa 8, so ni mlalo wa 10. Mwimbaji akiinua kidole, ongeza moja kila mahali: 9-8-7-9, mlalo wa 9, mlalo wa 11. Ukijipata umefika juu mno na banjo inapiga kelele nyembamba, teremka kwa ngazi ileile ya nne, tatu, tano. B ya umbo la F kwenye 9-8-7-9 inashuka freti tano hadi mlalo wa 4, kodi ileile kwa sauti nene zaidi.

Zoezi la nyumbani: washa redio, kituo chochote chenye nyimbo, na kila wimbo unapoanza tafuta do yake kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Redio haikungoji na haikuambii kii, kwa hiyo inakufundisha kama mama wa pambio.

Maina na saba

Kodi ya maina ni kushusha mi freti moja. Umejua mi iko uzi gani katika kila umbo, basi kazi imekwisha. Umbo la F, uzi wa tatu unashuka: A meja 7-6-5-7 inakuwa A maina 7-5-5-7, kidole cha shahada kikilala kwenye uzi wa tatu na wa pili. Umbo la D, uzi wa nne na wa kwanza vinashuka: 11-9-10-11 inakuwa 10-9-10-10. Mlalo, uzi wa pili unashuka: 2-2-2-2 inakuwa 2-2-1-2, na hapo vidole vyote vinne vinahitajika.

Kodi ya saba, ile inayovuta wimbo urudi nyumbani, kwenye umbo la F huipata kwa kushusha uzi wa kwanza freti mbili: G7 ni 5-4-3-3. Kwenye umbo la D uzi wa pili unashuka mbili: D7 ni 4-2-1-4. Kwenye mlalo, kidole kidogo kinapanda freti tatu kwenye uzi wa kwanza: D7 ni 7-7-7-10. Nyimbo za kanisani huzihitaji sana kabla ya kiitikio.

Uzi wa tano

Uzi wa tano haubadiliki unapohama, unaendelea kulia G. Kwenye kii ya G na ya C unapendeza. Kwenye kii ya E unaumiza sikio, kwa sababu mi ya E ni G-shapu na noti hizo mbili zinagombana. Kanuni yangu ni kwamba ninaposindikiza kwa kodi zinazohama nje ya G na C, gumba halipandi kwenye uzi wa tano kabisa. Linakaa wa nne.

Kapo siikatai. Ukitaka noti za kumiminika kwenye kii ya A huku uzi wa tano ukilia, funga kapo freti ya 2 na upandishe uzi wa tano hadi A. Banjo nyingi zimepigiliwa visumari vidogo kando ya uzi huo, kimoja kwenye freti ya 7, unaingiza uzi chini yake na unapata A bila kuzungusha kigingi. Maumbo yote matatu yanaendelea kufanya kazi juu ya kapo.

Na vidole vikishazoea, kuna njia nyingine isiyohitaji kapo wala kisumari. Uzi wa tano ukiwa mtupu unalingana na uzi wa kwanza kwenye freti ya 5, kwa hiyo kuanzia hapo kwenda juu, freti moja kwenye nyuzi hizo mbili ni noti moja. Kwenye umbo la F do iko uzi wa kwanza, chini ya kidole kidogo. Ukiwa kwenye A, 7-6-5-7, toa gumba nyuma ya shingo, lipandishe juu na ubonyeze uzi wa tano kwenye freti ya 7, sambamba na kidole kidogo. Sasa uzi wa tano unalia A. Kwenye C, 10-9-8-10, gumba linabonyeza freti ya 10. Anza kwa C, freti zikiwa zimekaribiana, na ushuke kuelekea A taratibu jinsi gumba linavyozidi kufika.